Tulipigia Kura Mionzi ya Baba

Leo nimechoka na watu wa kwetu, na mimi nikiwa wa kwanza.

Baba ana saratani ya tezi dume. Daktari alisema kuna njia mbili za kuichoma kwa mionzi, na kwake zote zinafaa: mara tano kwa nguvu, ama mara ishirini kidogo kidogo. Tukachague.

Nikaitisha mkutano nyumbani, Karungu. Baba nikampa kazi ya kufungua na kufunga kwa maombi.

Weh!

Baba mdogo: "Ishirini! Dozi haikatizwi katikati."

Shangazi: "Tano! Nani atakaa naye hospitali mwezi mzima? Wewe?"

Masaa mawili. Chai mara mbili. Mwishowe, jamani, tukapiga kura kwa kuinua mikono! Ishirini ikashinda.

Baba akasimama kufunga. Tukafumba macho.

"Mungu, asante kwa yule daktari. Jana nilimpigia simu, akaniuliza mimi mwenyewe nataka njia gani. Nikamwambia tano. Hawa wengine uwasamehe, hawajaniuliza. Amina."

Shangazi akaanza kukusanya vikombe.

Wewe ungeitikia hiyo amina?