Jiwe la Kisima cha Mama Mianda

Asubuhi moja nilikuta bustani ya mama mukwe wangu wa kesho, Mama Mianda, nyeupe, kama mutu amemwagia bunga.

Lengalenga, ile mchicha yetu, zimelala chini. Biringanya majani yameungua.

"Bulozi!" nikapiga kelele. Mi Tshimanga, creuseur, muchimba madini wa mikono, miaka saba kwenye mashimo ya Kolwezi.

Mama Mianda alikuwa kwenye matanga, Fungurume. Kabla ya kuondoka aliniambia: "Maji ya kisima inapungua. Toa matope tu. Nikikuta lengalenga imesimama, tunaongea ndoa yako na mutoto yangu Rachelle. Nikikuta imekufa, tutaongea pia."

Alipoondoka, nikashuka kisimani. Chini ya matope, jiwe bapa. Limekaa kama kifuniko, pembeni limezibwa na udongo wa kufinyanga.

Weee! Creuseur akiona kifuniko, anaona mali.

Nikaling'oa. Nikachimba mita mbili zaidi. Maji ikanifika kiunoni, nikajipigia makofi mwenyewe. Wiki mbili nikamwagilia asubuhi na jioni, napiga mluzi.

Halafu ndiyo weupe ule.

Nikamvamia muzee jirani, tata Kabemba, mbele ya batu. "Tata, umetupia nini humu?"

"Mutoto, mi niko na meno mbili tu. Hiyo nguvu ya kuloga nitatoa wapi?"

Batu bakacheka. Mi nikaapa nitampeleka kwa chef wa quartier, mukubwa ya mtaa.

Siku hiyohiyo mama akarudi. Hakusalimia. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Chumvi. Tshimanga, jiwe yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimelikalia.

Ndiyo. Nilikuwa nimelisugua vizuri, nikaliweka mlangoni kwake, zawadi ya kumpokea.

"Maji ya juu ni tamu, ya chini ni ya chumvi. Marehemu bwana yangu aliziba na hii jiwe mbele Rachelle hajazaliwa. Mi nilisema chimba?"

"Hapana, mama."

"Shuka."

Siku nne nilifukia, nikarudisha jiwe, nikaliziba. Creuseur anafukia shimo! Batu bakatoka mpaka barabarani kuja kuona. Rachelle alicheka mpaka akashika ukuta. Na aliyenishikia kamba ni nani? Tata Kabemba, na meno yake mbili.

Mvua ikaja, ikaosha udongo pole pole. Lengalenga ya kwanza ikasimama mwezi wa kumi na mbili.

Wapendwa, ukitumwa kutoa matope, toa matope. Jiwe ukilikuta limezibwa, uliza kwanza aliyeziba.

Siku ya kuongea ndoa, mama alinipakulia bukari, ugali yetu, na ile lengalenga, mbele ya wajomba wote.

"Onja, mukwe. Chumvi inatosha, ao uchimbe kidogo?"