Nilimkana mke wangu mbele ya wazee, na eda yake inaisha

Admin, jina langu lisionekane, wapo wa nyumbani wanaosoma hapa.

Leo Jumapili. Ni miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke kwetu Tabora. Nina miaka thelathini na nne, shule niliishia darasa la tano, nabeba marobota ya mitumba hapa Kariakoo. Mke na mwanangu niliwaacha kwa mama yangu. Mtoto tumwite Idi, sasa ana miaka minne.

Mwanzoni mwa mwaka Idi aliugua surua. Vipele vilipoanza kukauka, mke wangu akanipigia analia. "Baba Idi, mtoto anakakamaa, macho yamegeuka juu. Nampeleka hospitali." Nilikuwa juu ya fuso nashusha mzigo. Nikamfokea, "Una wazimu? Hilo degedege! Likichomwa sindano mtoto anakufa. Mpeleke kwa bibi mganga akafukizwe." Kwetu tumekua tukiambiwa hivyo, na niliamini. Akapiga tena jioni, na kesho yake. Nikamwambia akienda hospitali asirudi kwangu.

Siku ya tatu alimbeba akaenda. Daktari akamweleza kuwa virusi vya surua vimefika kwenye ubongo, na kule kukakamaa kulikoachwa siku mbili kumemharibu zaidi. Sindano niliyoikataza ndiyo ingetuliza kule kukakamaa. Idi hajafa. Hakai, hasemi, mate yanamtoka, ukimwita hageuki.

Miezi miwili iliyopita wazee walikaa kikao, wakanipigia, wakaweka sauti ya simu wote wasikie. Baba mkubwa akauliza, "Mkeo anasema wewe ndiye ulimkataza hospitali. Kweli?" Nilimsikia mama anaguna. Nikajibu, "Mimi? Sikumwambia hivyo. Alizembea mwenyewe."

Halafu mke wangu akasema taratibu, "Haya, Baba Idi."

Baba mkubwa akasema mwanamke wa hivyo hakai kwetu. Nikatoa talaka moja palepale, nimekaa juu ya robota. Mwenzangu ninayebeba naye akacheka. "Kaka, siku ile mtaa mzima ulikusikia unamfokea. Leo hukusema?" Sijaongea naye tangu hapo.

Mke wangu yuko kwao, Idi yuko mgongoni kwake kama kichanga. Nilipompigia alisema neno moja tu: "Ulichokikana, kakiseme palepale walipokaa wazee. Sio kwenye simu." Mama naye ameshanitafutia binti. "Huyu atakuzalia wazima," ananiambia. Na niseme ukweli, niliposikia hivyo nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi.

Eda imebaki wiki mbili. Bado naweza kumrejea, ila lazima nikiri mbele ya wazee kwamba nilidanganya, na mama ajue aliyemharibu mjukuu wake ni mwanawe. Nikinyamaza, naoa, na hakuna atakayeniuliza tena. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngegonga mlango upi kwanza? Niambieni mapema. Ijumaa napanda basi, Jumamosi jioni nitakuwa nyumbani, na Jumapili asubuhi mama anapeleka posa.