Maandazi Aliyokatazwa Mdogo Wangu

Kila nikinusa maandazi ya kantini ya shule, namkumbuka mdogo wangu alivyokuwa, tumbo kama ngoma, miguu kama njiti. Nilikuwa nampiga tumboni kwa vidole nikimwambia, "Leo tuna unyago hapa." Anacheka, kisha anakimbilia chooni.

Dawa ya minyoo haikusaidia. Bibi aliyetulea akazidi kumkaangia maandazi. "Kula, mjukuu wangu, unenepe."

Mpaka daktari aliposema ngano ndiyo inayomuumiza. Kesho yake Bibi alimchemshia muhogo, maandazi yote akanisukumia mimi.

"Kumbe nilikuwa namlisha ugonjwa," alisema taratibu.

Nikala yote, nikapangusa mdomo, nikamwambia, "Mabaya haya, Bibi. Hakosi kitu."

Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke hospitali.