Mizabibu Iliyokataa Kulala

Katika chumba changu cha nyuma, huku Utange, kuna chupa za divai zilizotoka shamba moja tu, shamba la mama yangu, na karatasi iliyobandikwa kwenye kila chupa inasema hivyo. Sizichanganyi na zabibu za mtu mwingine. Kama yuko mtu Kisauni nzima aliyewahi kufanya jambo hili kabla yangu, aje na chupa yake tuonje pamoja. Nimetangaza hivyo mara nyingi na bado hajatokea.

Kazi hii sikuirithi, na sikusukumwa na mtu. Niliondoka Mombasa na begi moja, nikaanza kwa kuosha mapipa katika kiwanda cha divai huko Afrika Kusini, kwenye mabonde yaliyo nyuma ya Rasi. Baada ya mapipa nikapewa mkasi wa kupogolea, na baada ya mkasi nikapewa watu wa kuwasimamia. Nilisoma jioni kwa mshahara wangu mwenyewe mpaka nikapata diploma ya kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa divai. Imetundikwa sebuleni, mgeni akiingia anaiona kabla hajaketi.

Jambo moja darasani lilinifanya nishindwe kuficha furaha. Mwalimu alitumia wiki nzima kuwaeleza wenzangu kwamba divai ya shamba moja hutunzwa peke yake kwa sababu ardhi ina ladha yake, na hata miteremko miwili inayotazamana haiwezi kutoa kinywaji kimoja. Wenzangu waliandika kwa bidii. Mimi niliweka kalamu chini. Baba yangu alikuwa mgema, na wateja wake hawakuomba tembo tu. Mmoja alitaka la minazi ya juu, inayoota kwenye mwamba, kwa kuwa lilikuwa kali na jepesi. Mwingine alitaka la minazi ya chini kwenye mchanga mweusi, lililokuwa tamu na zito. Baba alikuwa na kibuyu cha huku na kibuyu cha kule, na aliyemwomba achanganye alimwambia aende kwa mgema mwingine. Mwalimu alipotuwekea glasi tano na kuuliza ni zipi mbili zilizotoka shamba moja, nilijibu wenzangu wakiwa bado wananusa.

Niliporudi nyumbani, baba alikuwa ameshafariki na minazi mingi ilikuwa imezeeka. Mama alibaki na lile shamba la nusu eka, nyumba yake katikati. Nilichimba mashimo ya kupima udongo kabla sijafungua mizigo yangu yote. Juu kuna mchanga wa rangi ya majivu, chini yake udongo mwekundu usiofika magotini, kisha mwamba wa matumbawe wenye matundu kama mkate. Mizizi inapenda matundu hayo. Maji hayatuami, na upepo wa bahari unakausha majani asubuhi kabla ukungu haujaota. Miche niliifuata Dodoma mwenyewe, kwa basi, nikaifunga kwa gunia lililoloweshwa. Wakulima wa huko waliniambia kwamba mizabibu yao ya mwanzo ililetwa na mapadri waliotaka divai ya misa, na kwamba katika nchi yenye joto mzabibu mmoja unaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, mradi ujue kuulaza.

Nitalieleza hilo la kulaza, maana ndilo lililonitia katika taabu. Kule Rasi, baridi ikija, mzabibu hupukutisha majani na kulala wenyewe. Huamka baada ya baridi ukiwa na nguvu, na macho yake yote ya matawini huchipua pamoja na kutoa maua. Utange hakuna baridi. Mzabibu ukiachwa utaota majani Januari hadi Disemba mpaka uchoke, na matunda yatakuwa ya kubahatisha. Basi mkulima anaulaza kwa mkono: anaunyima maji kwa wiki kadhaa, majani yanakuwa manjano, anayapukutisha, anapogoa matawi, halafu anaurudishia maji ghafla. Mti unadhani umepita msimu wa baridi. Unaamka.

Nilisimika boriti za mikoko, nikafunga waya juu yake, nikapanda safu sita, na kwa mwaka mmoja na nusu kila kitu kilikwenda nilivyosema kitakwenda. Ndipo dada yangu mkubwa na mumewe walipokuja Jumapili moja baada ya kanisa. Walitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale. Sikuwalaumu. Utange inajaa watu, na kila aliye na kipande cha ardhi anajenga. Dada alisema kwa upole kwamba mama hawezi kuzeeka akitegemea majani.

Shemeji yangu, mtu wa mzaha, alisema, "Bwana diploma, mimi nimeishi pwani hii tangu kuzaliwa. Zabibu nimeziona dukani tu, ndani ya pakiti, zimekauka."

"Hizi utaziona mtini," nikamjibu.

"Nikiziona mtini nitavua kofia."

Mama alitusikiliza wote. Hakuwahi kusoma hata darasa moja, lakini shamba ni lake na sisi sote tulimgeukia alipoweka kikombe chini. "Nampa tunda moja, msimu mmoja," alisema. "Mizabibu ikizaa, ikatoka divai ambayo mimi mwenyewe naweza kuipeleka madhabahuni bila haya, shamba litabaki la mizabibu. Isipozaa, leteni mawe yenu mjenge."

Mama yuko katika kikundi cha akina mama kanisani. Ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu. Hakulisema neno hilo kwa mzaha.

Ilipofika mwisho wa Agosti nilifunga maji. Niliuondoa mpira wote wa kumwagilia, nikauviringisha na kuutundika. Nilihesabu kwamba kabla ya mvua za vuli miti yote ingekuwa imelala, nami ningepogoa kwa wakati ili zabibu ziive katika jua la Januari. Niliwaeleza majirani. Nilimweleza fundi wa baiskeli, nilimweleza muuza mahamri, na jirani yangu wa ukutani, mzee mmoja muungwana wa msikitini, nilimchorea hata picha kwenye mchanga.

"Mimi divai yako siitii mdomoni," mzee alisema, "lakini hizo zabibu zenyewe nitakula, inshallah. Utaniletea kichala?"

"Nitakuletea viwili, mzee wangu. Baada ya wiki mbili utaona majani yamekuwa manjano."

Wiki mbili zikapita, majani ni ya kijani. Ya tatu ikapita, kijani kibichi, na vichipukizi vipya juu yake. Mzee alichungulia juu ya ukuta akasema, "Naona hawa wako hawana usingizi. Labda wana mawazo." Nilicheka naye. Nilichimba kwenye mashina nikakuta udongo una unyevu. Nikasema ni bomba linalovuja. Nikachukua sururu nikachimba mfereji kutoka safu ya kwanza mpaka kwenye ukuta wa mzee, nikitafuta bomba hilo, mpaka yeye akaniuliza kama natafuta maji au hazina. Sikupata bomba lolote. Kila siku nilikwenda sokoni Kongowea kwenye shughuli zangu za kuuza matunda kwa mahoteli, na kila jioni niliporudi nilishika udongo na kuukuta umelowa.

Asubuhi moja nilifika barabarani nikakumbuka nimesahau simu. Nikarudi. Mama alikuwa kwenye safu ya tatu, ameinama, leso imefungwa kiunoni, sufuria kubwa mkononi. Alikuwa akimimina maji kwenye shina, polepole, akizungusha kama anayemimina mchuzi kwenye wali ili usizidi upande mmoja.

"Mama."

Alishtuka, akaificha sufuria nyuma yake, kitu kikubwa vile. "Ulikuwa hujaenda?"

"Unafanya nini, mama?"

"Nawapa maji. Kwani hawana kinywa?"

"Tangu lini?"

Aliangalia chini. "Tangu ulipoacha wewe."

Niliketi pale pale kwenye mchanga. Nilitaka kusema maneno makali na nilikuwa nayo mengi, ya Kiswahili na ya kigeni. Nikamuuliza tu kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambiaje?" alisema. "Wewe umesomea miti hii. Karatasi iko ukutani. Nikaona mtu aliyesoma hivyo hawezi kuacha mti ufe kwa kiu ila awe amesahau, kwa kazi nyingi. Nikikwambia umesahau nitakuaibisha. Na dada yako akisikia, atasema si nilisema. Basi nikawa nawanywesha ukiondoka. Nawabebea kutoka kisimani. Nikasema akirudi awakute wazima, hatajua."

Kisima kiko mbali na nyumba. Mama yangu ana magoti mabovu. Wiki tatu, safu sita.

Hapo niliona kosa lilikuwa la nani. Nilikuwa nimeueleza mtaa mzima habari za kulaza mizabibu, mpaka muuza mahamri angeweza kufanya mtihani. Mama yangu sikumweleza. Nilidhani hatanielewa, na ukweli ni kwamba sikukaa chini kujaribu. Nilimweleza asubuhi ile, sote tumeketi mchangani, na alielewa kabla sijamaliza.

"Kumbe nilikuwa nawaamsha," alisema. "Kama mtoto aliyekwisha kusinzia, halafu bibi anakuja kumbusu."

Siku nne baadaye vuli ilianza, mapema. Nilipogoa hivyo hivyo kwenye matope. Mizabibu ilifanya ilivyotaka: huu ulitoa majani matupu, ule ukatoa maua upande mmoja. Januari vichala vilikuwa vichache, na kwenye kichala kimoja zabibu nyeusi zilikaa jirani na za kijani. Nilichagua punje moja moja. Nilimpelekea mzee wa ukutani kichala kimoja badala ya viwili, akakipokea kwa mikono yote miwili. Zilizobaki nilizikamua, nikapata chupa tatu za divai iliyofanya ulimi ukunjamane. Nimetengeneza divai kwa miaka mingi na sijawahi kutoa kitu kama kile.

Dada na shemeji walikuja na fundi mwashi mwenye futi na kamba. Nilileta chupa sebuleni, maana ahadi ni ahadi. Shemeji alionja, akaiweka glasi mezani kwa uangalifu kama yenye kuuma.

"Hii tuitie kwenye kachumbari," alisema.

Dada alimgusa mkono anyamaze. "Mdogo wangu, ilikuwaje? Si ulisema umesomea?"

Mama alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Nilijua anasikia. Sijawahi katika maisha yangu kukubali mbele ya watu kwamba sikujua kazi yangu, wanaonijua watathibitisha. Nilisema, "Nilikosea hesabu ya maji. Nilidhani Utange ni kama Rasi. Kosa langu."

Shemeji hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Fundi alisimama, akaanza kukunjua kamba.

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga. "Keti, fundi," alisema. "Huyu anasema uongo."

"Mama, acha," nikamwambia.

"Siachi. Mimi ndiye niliyeiharibu. Niliinywesha kwa siri alipokuwa anailaza, kila siku, kwa ujinga wangu wa kumsitiri." Aliwaeleza yote, na kisima, na sufuria, bila kujipunguzia. Alimwangalia dada yangu. "Nilisema nampa tunda moja. Hili lilikuwa langu mimi. La kwake bado."

Dada aliyatazama magoti ya mama. Kisha akauliza, "Ulibeba maji kutoka kisimani, mama? Na hayo magoti?" Machozi yalimlengalenga. Hakutaja vyumba tena siku ile, wala fundi hakupima chochote. Alikunywa chai akaondoka.

Agosti iliyofuata nilifunga maji, na mara hii majani yakawa manjano. Nilipokuja na mkasi, mama alikuwa ameshatangulia, ameshika safu ya kwanza. Alipukutisha jani moja moja kwa vidole, na kila alipofika kwenye shina jipya aliuambia mti, "Pole, mama." Kazi ambayo ningeimaliza kwa siku moja ilituchukua nne. Sikumharakisha. Nilipogoa nyuma yake, nikaona matawi aliyoyapitia hayakuchubuka hata kidogo. Nimesimamia watu wengi katika kazi hiyo, na sikupata hata mmoja mwenye vidole kama vile.

Tukarudisha maji. Siku ya kumi na moja nilikuwa Kongowea, simu ikalia. Mama si mtu wa kupiga simu.

"Njoo," alisema. "Wameamka."

"Wangapi?"

"Wote. Njoo uone mwenyewe, mimi sina hesabu."

Niliacha matikiti mikononi mwa mwenzangu nikaenda. Nilimkuta amebeba kiti cha jikoni mpaka katikati ya safu ya tatu, ameketi. Kwenye kila tawi, kila jicho lilikuwa limefunguka, ncha ndogo za rangi ya waridi, zote kwa pamoja kama nilivyosoma vitabuni. Nilianza kumweleza nini kitafuata, maua lini, vichala lini. Akainua mkono.

"Punguza sauti, baba," alisema. "Ndio kwanza wanafumbua macho."