Miezi Ambayo Kiti cha Meno Kilikuwa Njiani

Kabla sijafungua chumba changu mwenyewe nilifanya kazi miaka mingi kwenye zahanati ya mashamba ya ngano ya serikali, nikiwang'oa meno madereva wa matrekta na wake zao. Kisha ikaja ile miaka ambayo serikali iliruhusu tena watu binafsi kutibu. Nikapanga nyumba ya matofali ya kuchoma pale Masakta, kando ya barabara. Ilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha kungojea na kimoja cha kiti. Kiti chenyewe nilikinunua kikiwa kimeshazeeka, lakini kilipanda na kushuka bila kelele, na mimi nilikipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza.

Ngano ilianzia nyuma ya choo na haikuisha. Upepo ukipita, uwanda wote ulijikunja na kujikunjua, na Mlima Hanang ulikaa kwa mbali, kichwa ndani ya mawingu. Mgonjwa akishachomwa sindano ya ganzi nilimgeuza aelekee dirishani. "Angalia ngano," nilimwambia, na mabega yake yalishuka taratibu.

Msaidizi wangu alikuwa mama mjane kutoka Balangdalalu. Alichemsha vifaa, akafagia, na akaongea na wagonjwa wa Kibarbaig kwa lugha yao, maana mimi ni Mwiraqw wa Bashay na Kibarbaig changu kiliishia kwenye salamu.

Asubuhi moja alikuja mzee kwa pikipiki, koti limejaa vumbi. Alikuwa mwalimu mstaafu, sasa wakala wa bima. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kana kwamba naye ana jino. Bima ya kiti na vifaa nilikuwa tayari kuikata. Lakini yeye alikuwa na karatasi nyingine.

"Kiti kikivunjika, tutakulipa kiti," alisema. "Sasa nikuulize, daktari. Wakati kiti kipya kiko njiani, wewe utakula nini? Na huyu mama atakula nini?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria swali hilo. Alinieleza polepole, kama yuko mbele ya darasa. Ipo bima inayolipa siku ambazo kazi imesimama. Wanatazama daftari lako la wagonjwa, wanaona kwa kawaida ungepata nini, na wanakufidia sehemu kubwa mpaka ufungue tena.

"Yaani wananilipa kwa wagonjwa ambao hawakuja?"

"Ambao wangekuja," alinisahihisha.

Nilipomsimulia mama yangu kule Bashay, aliacha kuchambua maharage. "Mwanangu, unalipia balaa ambalo halijakuja? Si unaliita?" Nilicheka, na niliporudi Masakta niliweka sahihi.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, lori la mfanyabiashara mmoja lilikuwa linashuka na shehena ya ngano. Ilikuwa saa ya chai. Mimi na msaidizi wangu tulikuwa nje, juani, na vikombe mikononi. Breki zilikataa. Dereva alijitahidi kuwakwepa watu sokoni, akakata kona, na lori likaingia ukutani kwangu pole pole, au mimi ndivyo ninavyolikumbuka: ukuta ukiinama kama mtu anayesujudu, kisha sauti moja nzito, kisha kimya. Halafu ngano ikaanza kumiminika. Magunia yalipasuka na ikatiririka ndani kupitia tundu la ukuta, ikajaza chumba mpaka magotini. Dereva alitoka akiwa mzima. Hakuna aliyeumia. Nilisimama mlangoni nikaona kiti changu kimelala ubavu katikati ya ile ngano ya rangi ya dhahabu, mguu umekatika, vumbi linaelea kwenye mwale wa jua. Nitasema ukweli: kilikuwa kitu kizuri kukitazama. Nilikitazama kwa muda mrefu kabla sijalia.

Kiti kingine kiliagizwa kutoka ng'ambo. Wiki zikawa miezi. Kila asubuhi niliamka saa ileile, nikavaa koti langu jeupe, nikatembea hadi kwenye nyumba iliyobomoka, nikasimama. Mvua za kwanza zilipoingia kupitia ukuta, punje tulizoshindwa kuzifagia kwenye nyufa zilichipua, na nyasi changa za kijani zikasimama mistari mistari pale sakafuni. Nilikaa kwenye benchi nikizitazama zikiinama na upepo. Siku zilipita bila uzito. Sikujua Jumanne na Alhamisi zinatofautiana nini.

Lakini meno hayakuacha kuuma. Mzee mmoja wa Kibarbaig alitembea tangu alfajiri kutoka uwandani, shavu limevimba kama embe. Msaidizi wangu alimwambia tumefunga. Mzee hakubisha. Alikaa chini tu, akafumba macho, akashika taya lake kwa mikono miwili. Nikaenda nyumbani kwangu kuchukua koleo na sindano. Nilimkalisha kwenye kigoda cha jikoni, uani, msaidizi wangu akamshika kichwa, nikang'oa. Baada yake walikuja wengine. Wenye nacho waliacha kidogo, wasio nacho waliondoka na shukrani.

Mthamini wa bima alifika kutoka Arusha, mwanamke mwenzangu wa umri wangu, viatu vyake vimelowa tope. Siku moja kabla, msaidizi wangu alikuwa amenisogezea daftari la wagonjwa. Wale waliolipa kwa maziwa, kuku au debe la mahindi sikuwahi kuwaandika humo.

"Waandike sasa, daktari," aliniambia. "Si walikuja kweli?"

"Walikuja."

"Basi kuna uongo gani?"

Nilishika kalamu. Niliona nyuso zao moja moja, meno yao ya kahawia kwa maji yetu yenye madini ya floraidi, na kwa muda ilionekana ni haki yao kuandikwa. Lakini wino ungekuwa mpya, na mimi ningejua. Nililifunga daftari.

Mthamini alisoma kila ukurasa akiwa amekaa kwenye benchi, karibu na yale majani ya ngano. Mwishoni akauliza, "Dada, kuna kitu kingine ninachopaswa kujua?"

Nikamwambia yote mawili: wale wa maziwa ambao hawamo daftarini, na wale niliowang'oa meno kwenye kigoda wakati kazi imesimama.

"Wa kwanza siwezi kuwaongeza," alisema. "Wa pili, kile walicholipa lazima nikipunguze kwenye fidia. Unajua nisingegundua?"

"Najua."

"Kwa nini umeniambia?"

"Umeniuliza, dada."

Aliandika, akanishika mkono, akaondoka. Msaidizi wangu hakunisemesha siku mbili. Alipofungua kinywa alisema, "Wewe umesoma, unaweza kula ukweli. Mimi nina watoto." Nililala na maneno yale kama mtu anavyolala na jino bovu.

Fidia ilikuja, ndogo kuliko nilivyotarajia wakati ninaweka sahihi. Nilimwita msaidizi wangu nikampa mshahara wa miezi yote tuliyofunga, kamili, kabla sijagusa chochote changu. Alizihesabu fedha mara moja tu. Kisha akaketi, akavua kitambaa cha kichwa, akajifutia uso.

"Nilikuwa nimeshakubali kwenda kupalilia kwa watu," alisema. "Nilikuwa naondoka Jumatatu."

Kiti kipya kilipofika, ukuta ulikuwa umesimama na rangi haijakauka. Ilibidi ning'oe ile ngano ya sakafuni kwa mkono ili fundi amwage saruji, na nilifanya hivyo taratibu kuliko ilivyohitajika. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mjamzito, amechoka. Nilimchoma ganzi, nikageuka kuchukua kioo. Niliporudi, alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo. Msaidizi wangu alinitazama kuuliza kama amwamshe. Nikatikisa kichwa. Tulivuta viti vyetu karibu na dirisha, tukamwacha apumzike kidogo.