Mtu wa Juu ya Korongo

Wakati ule serikali ya Mwingereza ilikuwa imeamuru watu wa Kondoa wapunguze mifugo, maana ardhi ilikuwa imeliwa na maji mpaka yakabaki makorongo ya udongo mwekundu. Mimi nilikuwa mwalimu, msichana bado, katika shule ndogo karibu na Kolo. Shule ilipofungwa kwa likizo, lori la Mhindi la kunichukua halikuja. Nikaondoka alfajiri kwa miguu, peke yangu, mzigo kichwani, nikifuata mchanga wa korongo kubwa kuelekea nyumbani.

Jua lilipopanda nilianza kusikia vijiwe vikiporomoka kutoka ukingoni. Nikisimama, kimya. Nikitembea, vinaanza tena. Nikajiambia ni nyani. Kisha kivuli cha mtu mwenye mkuki kikapita mchangani mbele yangu. Kuta zilikuwa ndefu kuliko nyumba, pa kupandia hapakuwapo. Nikaongeza mwendo.

Kwenye kona nikamkuta amesimama njiani, mzee mwembamba mwenye mgolole begani na mkuki mkononi.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa anatazama miguu yangu. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nakwenda kwetu."

"Na viatu hivi kama vya bwana shamba, anayehesabu ng'ombe?"

Kabla sijajibu, ng'ombe akalia nyuma yake. Nikaona mwanya ukutani, umezibwa kwa matawi ya miiba, na samadi mbichi chini. Nikaelewa kwamba anaficha ng'ombe wasipunguzwe, na hofu ikazidi. Mnyang'anyi angechukua mzigo wangu akaenda zake. Huyu alikuwa na siri, nami nimeshaiona.

Akanyoosha kibuyu cha maji. Koo lilikuwa limenikauka, lakini sikukipokea.

"Unaniogopa," akasema.

"Na wewe unaniogopa."

Akanywa yeye kwanza, kisha akanipa.

"Tangulia," akasema.

Alinifuata nyuma mchana kutwa. Nilisikia mkuki ukigonga mawe, nikawa nahesabu kila mlio kama ndio wa mwisho. Korongo lilipofunguka mbugani niligeuka. Hakuwapo.

Jioni jumbe, mtu wa serikali kijijini kwetu, alikuja nyumbani kunijulia hali. Hakuwa na desturi hiyo.

"Umepitia korongoni, mwalimu. Hukuona ng'ombe?"

"Sikuona."

Mama alinikazia macho. Jumbe akanywa uji wake polepole, akaaga. Usingizi haukunijia upesi. Nilijiuliza nani alimwambia njia niliyopita.