Mwisho wa Waya Ambao Eufrasia Hajawahi Kuuona

NYASUBI, Kahama. Asubuhi ndiyo kwanza inachangamka na Eufrasia Maduhu ameshajifunga khanga kiunoni. Juu ya meza ya duka lake la kutengeneza redio anasokota nyaya mbili nyembamba, nyekundu na nyeusi, ziwe kama kamba. Shemeji yake, Gregory, anasubiri mlangoni. Waya huo unakwenda shimoni leo, na Gregory anatarajia kushuka nao.

Eufrasia, fundi redio, ni mjane tangu mvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka huu wa 1998. Mumewe, Donatus, alikufa maji katika shimo hilo hilo la dhahabu upande wa Geita, shimo lenye mtambo uliotengenezwa na mkewe.

Mtambo wenyewe ni maboksi mawili. La chini hupima maji. La juu huonyesha namba na kupiga king'ora. Chipu zake huzungumza kupitia nyaya hizo mbili: ujumbe ule ule hupita kwenye zote, mmoja ukiwa kinyume cha mwingine, ili kelele za jenereta zisiuharibu. Mwisho kabisa wa waya hufungwa rezista, kidude kidogo kuliko punje ya mchele.

"Ujumbe unakimbia sana," anaeleza. "Ukifika mwisho usikute kitu cha kuumeza, unarudi kama mwangwi na kugongana na unaokuja. Boksi la juu halielewi kitu."

Msiba uliingilia hapo. Shimo lilipoongezwa kina, Donatus aliunga kipande cha waya wa taa na kulisogeza boksi chini, kama wachimbaji wanavyorefusha kamba. Rezista akaiacha pale pale ilipokuwa, mwisho mpya wa waya ukabaki mtupu. Kule juu, namba ya mwisho iliyosomeka ikaganda. Maji yakapanda, king'ora kisilie.

Eufrasia hakuwapo. Machimboni humo mwanamke hashuki. Wanaamini dhahabu itakimbia. Kila mara alimwelekeza mumewe juu ya meza hii, kisha akabaki kumwomba Mungu.

Ndugu wa mume wanasema waya wake ndio ulioua. Huo ni uonevu mtupu, na kuusikia kunauma.

"Shemeji, nipe na hicho kidude," anasema Gregory. "Nitakifunga mwenyewe."

"Kaka yako naye alisema hivyo hivyo." Anakifundika kwenye pindo la khanga. "Waya chukua. Hiki nakwenda kukifunga mimi, chini."

"Vijana wa shimoni watagoma."

"Basi na wewe usishuke. Sina machozi ya watu wawili."

Gregory anakaa kwenye benchi, kofia mapajani. Halafu anasema atakwenda kuzungumza nao, na hatashuka kabla hawajakubali.

Akishaondoka, namuuliza mama huyu atafanya nini wakimruhusu.

"Nitafunga waya wangu," anasema. "Nikimaliza nitawaomba waniache kidogo, nimlilie Donatus pale alipofia. Hapa dukani wateja wananikatiza."